Jinsi ya kuyapata makundinyota angani kwa macho matupu: mwongozo kamili kwa aliyejaribu akakosa

Umetoka nje na simu mkononi, umetazama mchoro wa kundinyota la Jabari kwenye kioo, umeinua macho, na ulichokutana nacho ni nukta tupu zilizotawanyika. Ukajaribu tena kesho yake. Wiki iliyofuata ukaacha.

Nimekaa gizani na watu wengi waliopitia hayo, nikawaomba wanionyeshe walikuwa wanatafuta wapi na wanatafuta nini. Karibu wote wanakwama mahali pamoja. Macho yao hayana kasoro na anga halina mawingu. Kinachowaangusha ni kipimo. Mchoro wa simu una upana wa vidole vitatu, lakini kundinyota lenyewe laweza kuwa pana kuliko mlango unaoutazama kutoka upande wa pili wa chumba. Mtu anatafuta kitu kidogo, na kile kikubwa kiko juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mkono wako kabla ya nyota yoyote. Utajifunza kupima anga kwa ngumi, kushika alama moja isiyokosewa, kisha kuruka kutoka hapo kwenda kwa majirani zake. Makundinyota yanayotambulika rasmi ni 88. Usijisumbue nayo yote. Ukiyajua matano kwa uhakika, mengine utayafikia kwa kuulizia njia.

Muda wote nataja saa kwa hesabu ya Kiswahili: saa 2 usiku ni saa mbili baada ya jua kuzama mahali ambapo jua huzama saa 12 jioni. Kama kwenu saa za serikali zinapishana kidogo na jua, ongeza au punguza.

Vitu vya kuandaa

- Mahali penye uwazi, hasa upande wa mashariki na kusini, pasipo taa inayokupiga usoni.
- Mwanga mwekundu hafifu. Tochi ndogo iliyofungwa karatasi nyekundu ya nailoni inatosha.
- Mkeka au kiti cha kuegemea. Shingo ikichoka, utafutaji umekwisha.
- Dira, ya kawaida au ya simu.
- Ramani ya nyota. Programu ya Stellarium ni ya bure kwenye kompyuta na inakuonyesha anga la mahali ulipo kwa tarehe na saa unayotaka. Itazame ndani ya nyumba, kabla ya kutoka.
- Daftari na penseli.

Darubini haihitajiki. Kwa anayeanza hata inamchelewesha, kwa sababu inaonyesha kipande kidogo mno cha anga, na tatizo la anayeanza tangu mwanzo ni kutafuta vitu vidogo.

Hatua ya 1: Chagua usiku unaofaa

Adui wa kwanza ni mwezi. Mwezi mpevu hujaza anga mwanga hadi nyota hafifu zikafutika. Usiku mzuri ni kuanzia robo ya mwisho ya mwezi, unapochomoza karibu na usiku wa manane au baadaye, hadi siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama. Hapo saa za mwanzo wa usiku zinakuwa zako.

Kuna ushauri unaoenea sana kwamba uende mahali penye giza totoro. Kwa mara ya kwanza siukubali. Kwenye giza la kweli mtu huona nyota zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja, na zile angavu zinazounda maumbo zinamezwa na umati. Anza ukingoni mwa mji au kijijini penye taa chache, ambapo zinabaki zile kubwa tu. Giza totoro lifuate ukishazijua sura.

Kinyume chake, katikati ya mji mkubwa huenda ukaona nyota chini ya 50. Jabari utaliona hata huko. Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, huenda ukakikosa.

Hatua ya 2: Yape macho nusu saa

Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Mboni hupanuka mara moja, lakini kazi kubwa inafanywa na seli za ndani ya jicho, ambazo hutengeneza upya polepole kemikali yake ya kuhisi mwanga. Ukiwasha kioo cheupe cha simu kwa sekunde chache tu, sehemu kubwa ya kazi hiyo inapotea na unaanza upya.

Mwanga mwekundu hauzisumbui sana seli hizo, ndiyo maana nimesema uuandae. Programu nyingi za nyota zina hali ya usiku inayogeuza kioo kuwa chekundu. Iwashe ukiwa ndani.

Utajua macho yako tayari ukianza kuona umbo la mikono yako mwenyewe na mipaka ya miti, na katikati ya nyota ulizoziona mwanzo zikajitokeza nyingine ndogo ambazo hazikuwepo.

Hatua ya 3: Jua pande zako nne

Tazama jua linapozama, hapo ni magharibi kwa makadirio. Nasema makadirio kwa sababu jua huzama magharibi kamili karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Mwezi wa Juni huegemea kaskazini na Desemba kusini, na kwenye ukanda wa ikweta tofauti hiyo hufika zaidi ya digrii 23, yaani ngumi mbili na ushei.

Dira inasahihisha hilo. Ukitumia ya simu, vua kava kwanza: kava nyingi zina sumaku ya kufungia, na sumaku hiyo huipotosha dira kabisa. Kisha zungusha simu hewani kama unaandika namba nane, ili ijipange.

Chagua alama ya kudumu kwa kila upande: pembe ya paa, mnara, mti. Kuanzia hapo utasema "juu ya mti wa mashariki" na hutahitaji dira tena.

Hatua ya 4: Geuza mkono kuwa rula

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na wakiiruka hurudi na malalamiko yaleyale. Tafadhali ifanye hata kama unaona ni ya kitoto.

Nyoosha mkono mbele mpaka kiwiko kikaze. Funga jicho moja. Sasa:

- Upana wa ncha ya kidole kidogo ni digrii 1 hivi.
- Kidole gumba ni kama digrii 2.
- Vidole vitatu vya katikati vikibanana ni digrii 5.
- Ngumi, kutoka upande hadi upande, ni digrii 10.
- Kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole kidogo, ni digrii 20 na zaidi kidogo.

Mwenye mikono mikubwa huwa na mkono mrefu, na mtoto ana ngumi ndogo kwenye mkono mfupi, kwa hiyo kipimo hakipishani sana.

Jijaribu. Weka ngumi juu ya upeo wa macho, juu yake weka ngumi ya mkono wa pili, endelea kupandisha moja juu ya nyingine mpaka utosini. Inatakiwa zifike tisa. Ukipata nane au kumi, umekaribia vya kutosha. Ukipata sita, unakunja kiwiko.

Jaribio la pili huwashangaza wengi: siku yenye mwezi, ufunike kwa ncha ya kidole kidogo. Unafunikika wote na nafasi inabaki, kwani mwezi ni nusu digrii tu. Ule unaoonekana mkubwa kama sinia ukichomoza ni kidole kidogo nusu. Mtu akishaliona hilo kwa jicho lake, huacha kuliamini jicho na kuanza kuuamini mkono.

Hatua ya 5: Igeuze ramani

Ramani ya nyota iliyochapwa ina mashariki kushoto na magharibi kulia. Watu hudhani ni kosa la uchapaji. Ramani ya ardhi unaitazama chini ya miguu yako, lakini ramani ya anga unaitazama juu. Iinue juu ya kichwa uso wake ukikutazama, elekeza kaskazini yake kaskazini, na utaona mashariki imeangukia mashariki kweli.

Kuna jambo jingine hapa. Picha nyingi za makundinyota zimechorwa kwa mtu anayeishi mbali kaskazini mwa dunia. Huko Jabari husimama wima upande wa kusini. Karibu na ikweta huchomoza kalala ubavu, hupita karibu na utosi, na kuzama kalala ubavu wa pili. Mbali kusini huonekana kichwa chini. Usitafute pozi la kwenye picha. Tafuta umbali na mpangilio, maana hivyo havibadiliki popote ulipo.

Hatua ya 6: Shika alama ya kwanza

Alama inategemea mwezi wa mwaka. Kati ya Desemba na Aprili, saa za mwanzo wa usiku, ni Jabari, ambalo kwenye programu utalikuta kama Orion. Kati ya Juni na Oktoba ni Nge, yaani Scorpius. Hawa wawili wako pande mbili za anga, mmoja akichomoza mwenziwe anazama, kwa hiyo usitegemee kuwaona pamoja wakiwa juu.

*Jabari*

Tafuta kwanza nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Ziko karibu karibu, nafasi kati yao ni sawa, na mng'ao wao unalingana. Vidole viwili vya mkono ulionyooshwa vinazifunika zote tatu. Huo ndio mkanda wake: Alnitak, Alnilam na Mintaka.

Katikati ya Novemba, saa 2 usiku, mkanda unachomoza mashariki, nyota moja juu ya nyingine kwa mshazari. Katikati ya Januari, saa 4 usiku, uko juu kabisa katika safari yake. Katikati ya Februari unafika hapo saa 2. Katikati ya Mei unazama saa 2, na Juni jua limeumeza.

Sasa weka ngumi moja kutoka mkandani, upande wa kaskazini. Hapo kuna nyota kubwa yenye wekundu wa kaa lililoanza kufifia: Betelgeuse. Rudi mkandani, weka ngumi moja upande wa pili. Hapo kuna nyota kubwa nyeupe inayoelekea ubluu: Rigel. Tazama moja, hamia nyingine, rudi. Usiharakishe. Rangi za nyota hazirukii machoni kama taa za barabarani; zinajitokeza kwa kulinganisha. Nimemwona mzee aliyesema hajawahi kuona rangi yoyote angani akikaa kimya dakika nzima akihamisha macho kati ya hizo mbili, kisha akasema taratibu, "Kweli, hii ni nyekundu."

Nyota mbili nyingine zinakamilisha sanduku kuzunguka mkanda: Bellatrix upande wa Betelgeuse, Saiph upande wa Rigel. Upande wa kusini wa mkanda, ngumi nusu hivi, kuna mstari mfupi wa nukta hafifu. Huo ni upanga. Nukta yake ya katikati ina ukungu, na ukungu huo ni wa kweli: ni wingu la gesi ambamo nyota mpya zinazaliwa, lililo mbali nasi miaka ya nuru 1,300 hivi.

Onyo: ziko nyota tatu nyingine za mstari zinazowapoteza watu. Antares wa Nge ana nyota ndogo kila upande, na Altair, nyota angavu ya kundinyota la Tai, vilevile. Kuzitofautisha ni rahisi. Kwa hao wawili, nyota ya katikati inazishinda sana za pembeni. Kwenye mkanda wa Jabari zote tatu ni sawa.

Umefanikiwa ukiona nyekundu upande mmoja, mkanda katikati, nyeupe upande wa pili, zote ndani ya ngumi mbili. Hakuna mahali pengine angani penye mpangilio huo.

*Nge*

Mwisho wa Julai, saa 2 usiku, liko juu kabisa. Tafuta nyota nyekundu yenye vijakazi wawili: Antares, moyo wa nge. Upande wa magharibi, pungufu kidogo ya ngumi moja, nyota tatu zinakata njia kama kichwa na magando. Upande wa pili mkia unashuka, unapinda, na kuishia kwa nyota mbili zilizogusana karibu ngumi mbili kutoka Antares. Huo ndio mwiba.

Kati ya makundinyota yote, hili ndilo linalofanana na jina lake bila kulazimisha. Kosa la kawaida ni kulitafuta mapema mno jioni ya Mei, kichwa kikiwa kimechomoza na mkia bado uko chini ya upeo. Subiri nge mzima atoke.

Hatua ya 7: Ruka kutoka Jabari

Hapa ndipo mkono unapolipa. Uchukulie mkanda kama mshale wenye ncha mbili.

Ufuate upande wa kusini-mashariki, ngumi mbili na ushei. Unaangukia nyota angavu kuliko zote za usiku, Sirius. Mstari hauigongi katikati kabisa, lakini haina mpinzani jirani wa kukuchanganya.

Rudi mkandani, fuata ncha ya pili umbali uleule. Unafika kwenye nyota ya rangi ya chungwa, Dabarani, iliyo kwenye ramani kama Aldebaran. Imekaa kwenye ncha ya herufi V ya nyota ndogo, uso wa Ng'ombe. Dabarani si wa familia hiyo ingawa anaonekana amekaa nayo: yeye yuko umbali wa miaka ya nuru 65 hivi, na wenziwe wako nyuma sana, kama miaka 150.

Endelea mbele ngumi moja na nusu. Utaona kishada kidogo, kama mtu amepuliza unga. Hicho ni Kilimia. Kidole gumba kinakifunika chote. Watu wengi huhesabu nyota sita. Ukikitazama moja kwa moja kinafifia. Ukitazama pembeni kidogo kinang'aa, kwa sababu seli zinazoona gizani ni chache katikati ya jicho na nyingi pembeni. Mbinu hiyo ya kutazama kwa pembe ya jicho itakufaa kwa kila kitu hafifu.

Onyo: Kilimia kina umbo la kijiko kidogo, na wengi hukiita Dubu Mdogo. Dubu Mdogo yuko kaskazini kabisa na ana urefu wa ngumi mbili. Kipimo kinamaliza ubishi.

Kutoka Sirius, ngumi tatu na nusu kuelekea kusini, iko Suheli, yaani Canopus, ya pili kwa mng'ao angani. Walio kaskazini ya latitudo ya digrii 37 hivi hawaioni kamwe. Na ukiunganisha Sirius, Betelgeuse na Procyon iliyo mashariki yao, unapata pembetatu kubwa yenye pande karibu sawa. Hiyo ipite tu, itakusaidia baadaye.

Hatua ya 8: Msalaba wa Kusini, na ule wa uongo

Msalaba wa Kusini ndiyo kundinyota dogo kuliko yote 88, na watu huutafuta wakidhani ni mkubwa. Kwa Jabari mnapunguza, kwa Msalaba mnaongeza! Kutoka kichwani hadi mguuni ni digrii 6 tu. Nyoosha mkono, funga ngumi, na msalaba mzima unajificha nyuma yake.

Mwisho wa Mei, saa 2 usiku, tazama kusini. Msalaba umesimama wima. Mwisho wa Aprili uko hivyo saa 4. Kabla ya saa hizo umelala ubavu upande wa kusini-mashariki, na baada yake unaangukia kusini-magharibi. Anayeishi kaskazini ya latitudo ya digrii 27 hivi hataona mguu wake.

Msimu mmoja mzima niliwaonyesha watu msalaba ambao haukuwa wenyewe. Nilikuwa natoka nje Februari na Machi, mapema usiku, naona nyota nne zilizokaa kama msalaba upande wa kusini, nafurahi. Nilipokuja kuuona ule wa kweli pamoja na huo kwa wakati mmoja, niliumia, nikawatafuta niliowaonyesha nikawaambia. Msalaba wa uongo huutangulia wa kweli kwa zaidi ya saa tatu, ndiyo maana anayetoka mapema hukutana nao kwanza. Ili usinifuate, hakikisha mambo haya:

Kwanza, nyota elekezi. Mashariki ya Msalaba wa kweli, kama ngumi moja, ziko nyota mbili angavu mno, Alpha Centauri na Beta Centauri, zilizotengana kwa upana wa vidole vitatu. Zinaunyooshea Msalaba kidole. Wa uongo hauna walinzi. Angalizo: Msalaba ukiwa ndiyo kwanza umechomoza, nyota hizo bado ziko chini, kwa hiyo subiri.

Pili, ukubwa. Wa uongo hautoshi nyuma ya ngumi kwa raha, na nyota zake ni hafifu zaidi.

Tatu, rangi na nyota ya tano. Kichwa cha Msalaba wa kweli, Gacrux, kina wekundu, na nyingine tatu ni nyeupe zenye ubluu. Ukiwa umesimama wima, kuna nyota ndogo ya tano chini upande wa kulia. Wa uongo una nne tu.

Ukiupata, utumie. Chukua urefu kutoka Gacrux hadi mguuni, Acrux, na uurefushe kwa kuufuata mara nne na nusu kutoka mguuni. Hapo pana ncha ya kusini ya anga, mahali pasipo na nyota ya kuonekana vizuri. Teremsha mstari wima hadi ardhini: hiyo ni kusini. Ukiwa kwenye ikweta ncha hiyo iko upeoni, hivyo huna cha kuteremsha. Linganisha na alama yako ya Hatua ya 3.

Hatua ya 9: Dubu Mkubwa

Mapema Mei, saa 2 usiku, tazama kaskazini. Nyota saba zinaunda upawa: nne za bakuli, tatu za mpini uliopinda. Kutoka ikweta unaonekana umepinduliwa, bakuli likimwaga. Upawa mzima una urefu wa ngumi mbili na nusu.

Nyota mbili za ukingo wa bakuli ulio mbali na mpini ni Merak na Dubhe. Toka Merak kupitia Dubhe, nenda mbele mara tano ya nafasi yao, na unafika nyota ya kaskazini, Polaris. Urefu wake juu ya upeo kwa digrii ni sawa na latitudo yako ya kaskazini. Aliye kwenye ikweta au kusini yake asijichoshe kuitafuta. Wala aliye kaskazini asitafute nyota kali: kuna nyota zaidi ya 40 zinazoishinda kwa mng'ao.

Sasa ufuate mpini, endeleza mpindo wake ngumi tatu, unapata Arcturus ya rangi ya chungwa. Ngumi tatu nyingine na kidogo, unapata Spica, nyeupe yenye ubluu.

Hatua ya 10: Watambue wapita njia

Ukiona nyota kali isiyokuwepo kwenye ramani, usiikatae ramani. Huenda ni sayari. Zuhura, Mshtarii, Mirihi na Zohali hutembea katikati ya makundinyota na hazichorwi kwenye ramani zilizochapwa.

Nyota hupepesa, hasa zikiwa chini karibu na upeo, kwa sababu ni nukta ndogo na hewa inayumbisha mwanga wake. Sayari ina sura pana kidogo, hivyo mwanga wake hutulia. Tena sayari hazitoki nje ya njia ambayo jua na mwezi hupita. Zuhura haipiti digrii 47 kutoka kwenye jua, kwa hiyo kitu kikali unachokiona utosini usiku wa manane si Zuhura.

Kinachosogea kwa utulivu bila kupepesa na kuzimika ghafla ni satelaiti iliyoingia kwenye kivuli cha dunia. Chenye taa nyekundu zinazowaka na kuzima ni ndege.

Mirihi ndiyo msumbufu mkubwa, kwa sababu ni nyekundu na mara kwa mara hupita karibu na Antares au Dabarani. Hapo angalia vijakazi wawili, au herufi V.

Hatua ya 11: Chora, kisha rudi

Kabla ya kuingia ndani, chora ulichokiona kwa penseli: nyota tano au sita, umbali kwa ngumi, alama ya ardhini, tarehe na saa. Uzuri wa mchoro si hoja. Mkono unaochora unalilazimisha jicho kuamua nyota ipi iko kulia ya ipi, na uamuzi huo ndio unaobaki kichwani.

Kisha chagua nyota moja angavu iliyo upande wa magharibi, juu ya paa au ukuta. Simama mahali utakapoweza kusimama tena, weka jiwe miguuni. Funga jicho moja, subiri mpaka nyota ipotee nyuma ya ukingo wa ukuta, uandike saa na dakika.

Kesho simama kwenye jiwe lilelile. Nyota itazama nyuma ya ukuta dakika 4 mapema. Baada ya siku saba itakuwa imetangulia dakika 28 hivi, na baada ya mwezi saa mbili nzima, maana dunia inaendelea kulizunguka jua huku ikijizungusha yenyewe. Kwa hesabu hiyo utajua, bila kufungua simu, ni usiku gani utaanza kulikosa Jabari, na ni saa ngapi alfajiri za Julai na Agosti litakuwa linachomoza tena mashariki, mkanda ukiwa kwa mshazari vilevile.